Juu ya nini walipinga sheria ya matibabu kule Marekani



Tangu tutangaze kwamba wakimbizi walioko Marekani wanaweza kupoteza bima ya afya mwaka huu, simu ya redio haipumziki. Wanaopiga ni watu wenye ndugu kule: waliopitia Nyarugusu, waliopitia Nakivale, walioitwa kwenye mahojiano mara tano, mara sita, mwishowe wakapanda ndege. Wengi wa hao wanaopiga hapa Baraka ni familia zilizokimbia vita. Wanaishi kwa jamaa au kwenye madarasa, na pesa ya mtoto aliye ng'ambo ndiyo inayonunua dawa. Swali lao ni lile lile: nchi yenye mali namna ile, watu wake wanawezaje kupinga sheria ya kutibu wagonjwa? Mzee mmoja aliuliza kwa kifupi zaidi: «Nani anagombana na dawa?»

Dakika tatu za habari hazitoshi kumjibu mzee huyo, ndiyo maana ninaandika. Jambo hili nililifuata kwanza kwa sababu ya kazi. Baadaye likaingia nyumbani kwetu.

Mama yangu mdogo ana mabinti wawili Marekani. Yule mkubwa, ambaye mimi ninamwita Yaya, alitoka Nyarugusu na watoto wake watatu mwaka 2016. Mwaka huo Marekani ilipokea Wakongomani zaidi ya 16,000, wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote. Hakuchagua pa kwenda. Alipewa karatasi iliyoandikwa Texas, akaenda Texas. Yule mdogo alifika mwezi wa 12, 2024, na mume na watoto, wiki chache tu kabla ya mlango kufungwa tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025. Yeye karatasi yake iliandikwa Kentucky.

Mwaka 2018 Yaya alianguka kazini. Alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli kwa bwana mmoja ambaye hakuwapa wafanyakazi wake bima. Akapelekwa hospitali, wakamkuta na mawe katika mfuko wa nyongo, wakampasua usiku ule ule. Kumbukeni hilo: walimpasua kabla ya kuuliza pesa. Fakture ilikuja kwa posta baada ya wiki tatu, nayo ilizidi mshahara wake wa mwaka mzima.

Miezi mitano hakutuma kitu. Mama mdogo alikuwa anatumia dawa za tansio, akaanza kumeza kidonge kimoja kwa siku mbili ili zisimalizike. Hapa mtaani watu wakasema: amekuwa Mmarekani, amesahau maziwa aliyonyonya. Yeye naye kwa haya hakusema kama anadaiwa. Ninajua familia kadhaa hapa ambazo hazisemezani mpaka leo kwa sababu ya fakture ambayo mmoja aliificha na mwingine hakuweza kuiwazia. Katika akili yetu Marekani ni mahali ambapo mgonjwa anatibiwa, basi.

Dada mdogo yeye, mwaka jana, alijifungua kwa kupasuliwa kule Kentucky. Hakulipa kitu. Watoto wa tumbo moja, sheria moja ya taifa, lakini majimbo mawili. Kuelewa hilo ndiko kuelewa upinzani wote ninaotaka kuwaelezea.

Sheria yenyewe ilisainiwa na Rais Barack Obama tarehe 23 mwezi wa tatu 2010. Kabla yake, Wamarekani zaidi ya milioni 45 hawakuwa na bima yoyote. Kampuni ya bima iliweza kukuambia: una kisukari, hatukutaki. Sheria ilikataza hilo. Iliruhusu vijana wabaki kwenye bima ya wazazi mpaka miaka 26. Ililazimisha karibu kila mtu awe na bima, la sivyo alipe faini. Wenye mapato madogo ilisema watasaidiwa kununua, na maskini zaidi wataingia katika Medicaid, mpango wa serikali uliokuwako tangu 1965 lakini uliokuwa ukiwaacha nje watu wazima wengi. Ilipopita, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 219 kwa 212. Hakuna Mrepublikani hata mmoja aliyeikubali, si pale wala katika Seneti.

Hao Warepublikani ndio chama cha wahafidhina, watu wanaotaka serikali iwe ndogo, kodi iwe ndogo, na kanisa na familia zibaki na nguvu zao. Watu hao hawakuwa na sababu moja ya kukataa. Walikuwa nazo nyingi, na mtu anayewaeleza kwa sababu moja tu hajawasikiliza.

Ya kwanza ni uhuru. Ukiishi na kupumua tu katika nchi yako, serikali inaweza kukuamuru ununue kitu kutoka kwa mfanyabiashara? Mwaka 2012 shauri lilipofika Mahakama Kuu, Jaji Antonin Scalia aliuliza kama serikali inayoweza kukulazimisha kununua bima itaweza pia kukulazimisha kununua brokoli, kwa kuwa kila mtu lazima ale. Brokoli ni mboga. Wekeni sombe hapo mtaelewa. Wapo watu waliocheka, lakini mimi sikuliona kuwa swali la kipumbavu. Sisi tunaolipa kwenye vizuizi vya barabara kwa kila mwenye kamba na kijiti tunajua ni nini kulazimishwa kulipa kwa faida yako mwenyewe, wanavyosema.

Ila kuna jambo ambalo wahafidhina wenyewe hawalipendi likumbushwe. Wazo la kulazimisha kila mtu kununua bima lilitoka kwao. Mwaka 1989 taasisi yao ya fikra, Heritage Foundation, ndiyo iliyolipendekeza. Na mwaka 2006 Mitt Romney, gavana Mrepublikani wa Massachusetts, alilitia katika sheria ya jimbo lake. Hoja yao ilikuwa ya kihafidhina kabisa. Tangu 1986, chini ya Rais Reagan, kuna sheria inayolazimisha hospitali kumpokea mtu wa dharura hata kama hana pesa. Ndiyo iliyompasua Yaya usiku ule. Sasa, wakasema, kama mtu anajua atatibiwa, akakataa kununua bima, mzigo wake anabeba jirani. Basi kila mtu abebe wake. Wazo hilo lilikuwa jema mpaka siku Obama alipolichukua.

Ya pili ni pesa. Sheria ililipiwa kwa kodi mpya juu ya wenye mapato makubwa na juu ya kampuni, tena kwa kupunguza malipo ambayo hospitali zingepata kwa kutibu wazee. Wazee waliogopa. Halafu kulikuwa na watu wa kati, wakulima wenye shamba lao, mafundi wenye gereji: mapato yao yalizidi kidogo kiwango cha kusaidiwa, na bei ya bima ikawa inapanda mwaka kwa mwaka. Hao hawakudanganywa na mtu, waliona fakture yao. Obama alikuwa ameahidi mara nyingi kwamba anayependa bima yake ataendelea nayo. Mwaka 2013 watu wengi wakapokea barua kwamba bima yao imefutwa, na ikabidi rais aombe radhi. Mwaka huo huo tovuti ya serikali ya kuandikisha watu ilikuwa imegoma tangu siku ya kwanza. Mpinzani anayesema serikali haiwezi kazi hii angetaka ushahidi gani zaidi?

Ya tatu itawagusa wengi wenu, maana ni ya imani. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walikuwa wamedai kwa miaka mingi kwamba kila mtu atibiwe. Lakini ilipofika sheria hii walisimama kuipinga, wakisema haifungi vizuri njia ya pesa ya umma kulipia utoaji mimba. Wakati huo huo umoja wa hospitali za Kikatoliki, ukiongozwa na Sista Carol Keehan, uliiunga mkono. Kanisa moja, Injili moja, na hawakukubaliana. Obama alisaini amri ya kukataza pesa hizo zisitumike hivyo, wengine wakaridhika, wengine hawakuridhika. Baadaye ikaja kesi ya dawa za kuzuia mimba. Kampuni moja ya familia ya Kikristo, Hobby Lobby, ilikataa kulipia baadhi ya njia hizo katika bima ya wafanyakazi wake, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaipa haki. Masista wanaotunza wazee, Little Sisters of the Poor, nao walikwenda mahakamani miaka mingi juu ya jambo kama hilo. Mimi siwezi kuwacheka watu hao. Hapa Kongo, ukiondoa hospitali na vituo vya afya vya makanisa, kwenye mitaa mingi tutabaki na nini? Mtu anayeendesha hospitali kwa ajili ya imani yake atauliza imani hiyo inaruhusu nini.

Jambo dogo kando: sheria ile ile iliwaachia huru Wakristo walio katika vikundi vya kuchangiana fakture za hospitali bila bima yoyote, mradi kikundi kiwe kimekuwako tangu kabla ya mwaka 2000. Niliposoma hilo nilisema, kumbe na wao wana likelemba.

Kisha kulikuwa na uvumi. Mwaka 2009 Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, aliandika kwamba sheria italeta mabaraza ya kifo, maofisa wa serikali watakaoamua mzee gani aishi na mtoto gani mlemavu aishi. Katika muswada hakukuwa na kitu kama hicho. Kulikuwa na kifungu cha kumlipa daktari kwa muda anaokaa na mzee kuzungumza naye anataka atunzwe namna gani mwisho wake ukikaribia. Kifungu kiliondolewa, uvumi ukabaki. Nani kati yetu atashangaa? Kati ya 2018 na 2020, kule Beni na Butembo, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, na bado wengi waliapa kwamba ni biashara tu, kwamba timu za afya ndizo zinazoleta ugonjwa. Waganga wakauawa. Uvumi wa namna hiyo hauingii kwa watu wajinga. Unaingia kwa watu ambao serikali imewahi kuwadanganya.

Na rangi? Nimeulizwa sana. Ndiyo, ilikuwamo. Katika maandamano ya 2009 ilionekana picha ya Obama amevalishwa manyoya kama mganga wa kienyeji. Sitasema kwamba mkulima wa Kansas anayelalamika juu ya bei ya bima anamchukia mtu mweusi, hilo silijui na sitalidai. Lakini angalieni Kentucky. Gavana wake wa wakati huo, Steve Beshear, Mdemokrati, alipanua Medicaid na kufungua ofisi ya bima ya jimbo. Hakuipa jina la rais, aliiita kynect. Watu wengi wakajiandikisha, na idadi ya wasio na bima ikashuka haraka kuliko karibu majimbo yote. Waandishi wa habari waliokwenda huko walikuta watu wanaosifu kynect na kulaani Obamacare, bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Jina Obamacare lenyewe lilienezwa na wapinzani, lifanye kazi hiyo hasa.

Sasa nirudi kwa Yaya. Tarehe 28 mwezi wa sita 2012 Mahakama Kuu ilitoa hukumu, majaji watano kwa wanne. Jaji mkuu John Roberts, aliyewekwa na rais Mrepublikani, aliiokoa sheria kwa kusema kwamba faini ile ni kodi, na kodi Bunge lina haki ya kuitoza. Hasira ya wahafidhina juu yake haijaisha. Lakini katika hukumu hiyo hiyo kulikuwa na sehemu ya pili ambayo magazeti ya siku ile hayakuitilia uzito: serikali kuu haiwezi kulazimisha jimbo kupanua Medicaid. Kila jimbo liamue.

Ndipo upinzani ulipopata nguvu ya kweli. Serikali kuu ilikuwa tayari kulipa gharama yote ya wale wapya kwa miaka mitatu ya kwanza, halafu kushuka polepole mpaka asilimia 90. Texas ilisema hapana. Viongozi wake walisema leo Washington inalipa, kesho itatuachia deni. Tena walisema Medicaid ni mpango mbovu ambao madaktari wengi wanaukwepa. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake.

Lakini sheria iliandikwa ikidhani kwamba maskini zaidi wote wataingia Medicaid, kwa hiyo msaada wa kununua bima iliwekewa walio juu ya mstari wa umaskini tu. Texas ilipokataa, watu kama Yaya walibaki katikati. Mapato yake yalikuwa makubwa mno kwa Medicaid ya Texas, ambayo mzazi anaipata tu akiwa karibu hana kitu kabisa. Na yalikuwa madogo mno kusaidiwa kununua bima. Ndiyo, mmesoma vizuri: alikuwa maskini mno kusaidiwa. Watoto wake walikuwa na kadi. Yeye hapana.

Nilipomwelezea mama mdogo, alinyamaza, halafu akaniuliza kama mtoto wake hangeweza kuhamia upande wa yule mwingine. Kwa swali lake hilo moja aliielewa siasa ya Marekani kuliko wachambuzi wengi.

Kufuta sheria yote wapinzani walijaribu mara nyingi. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura zaidi ya 50 za kuifuta au kuikata. Mwaka 2013 Seneta Ted Cruz wa Texas alisimama akazungumza zaidi ya saa 21, na serikali ikafungwa siku 16. Mwaka 2017, rais akiwa Donald Trump na mabunge yote mawili yakiwa mikononi mwao, ilionekana mambo yamekwisha. Usiku wa tarehe 28 mwezi wa saba, John McCain, Mrepublikani, mzee mwenye saratani ya ubongo, aliingia katika Seneti akaelekeza kidole gumba chini. Ikawa 49 kwa 51. McCain hakuipenda sheria, alikuwa ameipinga tangu mwanzo. Alichokataa ni kuiondoa kwa haraka bila kitu cha kuweka mahali pake.

Na hapo ndipo mimi ninaona upinzani huu unapoanguka. Udhaifu wa sheria waliuona, na mara nyingi waliuona sawasawa. Walikuwa na miaka mingi ya kuleta yao, hawakuileta. Mtu mwenye mawe kwenye nyongo hawezi kungoja mpaka watu wakubaliane juu ya ukubwa wa serikali. Wapiga kura wao waliliona hilo kabla ya viongozi. Idaho, Utah, Nebraska, Oklahoma, Missouri, South Dakota, majimbo ya wahafidhina hasa, wananchi walipiga kura wenyewe kati ya 2018 na 2022 na kupanua Medicaid, huku wakiendelea kuchagua Warepublikani. John Kasich, gavana Mrepublikani wa Ohio, alikuwa amepanua mapema. Aliwaambia wenzake kwamba wakifika mlangoni mwa mbingu Mtakatifu Petro hatawauliza walipunguza serikali kiasi gani, atawauliza waliwafanyia nini maskini. Leo majimbo 40 yamekubali. Kumi bado, na Texas ni mojawapo.

Sasa nije kwenye habari iliyowafanya mpige simu. Mwezi wa saba 2025 Rais Trump alisaini sheria kubwa ya bajeti. Haikufuta sheria ya Obama, iliikata kata. Watu wazima wengi walioingia Medicaid kwa upanuzi ule watalazimika, kuanzia 2027, kuonyesha kwamba wanafanya kazi au kujitolea saa 80 kwa mwezi. Wahafidhina wanasema msaada uende na jasho, na hapa kwetu nimesikia wazee wakikubali. Ila Arkansas ilijaribu mwaka 2018, na watu karibu 18,000 wakapoteza bima katika miezi michache. Wengi walikuwa wakifanya kazi. Kilichowashinda ni karatasi na tovuti.

Kinachotugusa sisi ni kifungu kingine. Sheria ile inasema kuanzia tarehe 1 mwezi wa 10, 2026, mkimbizi ambaye bado hajapata kadi ya ukaaji wa kudumu, wanayoiita grini kadi, hatakuwa na haki ya Medicaid ya kawaida. Kuanzia mwaka 2027 hatapata pia msaada wa kununua bima. Na mkimbizi mpya, ambaye zamani alipewa miezi 12 ya matibabu ya mwanzo, tangu mwezi wa tano 2025 anapewa minne. Waliotetea kifungu hiki wanasema pesa ya walipa kodi ni ya raia kwanza. Ninaielewa sentensi hiyo. Lakini mkimbizi hakuruka ukuta. Serikali ile ile ilimhoji miaka, ikampima damu, ikamlipia ndege kwa mkopo anaourudisha, ikamchagulia na jimbo la kukaa. Naye analipa kodi tangu mshahara wa kwanza. Hapo hoja ya uhuru na hoja ya bajeti zimeniishia mkononi. Sioni tena wanalinda nini.

Dada mdogo wa Kentucky ameomba kadi. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba baada ya mwaka mmoja, lakini kuomba si kupata. Mtoto aliyezaliwa kule ni raia, yeye hana shida. Wale wakubwa wawili, baba na mama, ndio wanaongoja. Mume wake anabeba mizigo katika ghala usiku. Mama mdogo ameniambia pesa ya dawa sasa hivi asiombe, na amerudia kwa jirani anayeuza ndagala kumwomba deni. Mwanzo nilitaka kumkataza, nikaacha.

Kwa hiyo mkiongea na watu wenu wiki hii, msianze na pesa. Waulizeni kama wameshaomba kadi na kama barua ya kupokelewa ombi wanaitunza. Waambieni wasiache kufungua barua za Medicaid zinazokuja kwa posta, hata kama Kiingereza kinawashinda, waende nazo kwa mtu wa kanisa au wa ofisi ya wakimbizi. Sheria ya 1986 juu ya dharura bado ipo: mtu asife nyumbani kwa kuogopa fakture. Vipo pia vituo vya afya vya jamii vinavyolipisha kila mtu kulingana na mapato yake.

Tena kuna kitu ambacho Yaya hakukijua kwa karibu mwaka mzima. Sheria ya Obama, hiyo hiyo waliyoipinga Texas, inaamuru kila hospitali isiyo ya faida iwe na mpango wa kupunguza au kufuta deni la mtu asiye na uwezo, na iutangaze. Lakini lazima uombe. Mama mmoja wa kwaya yao alimwambia, akapeleka karatasi za mshahara, na hospitali ikafuta sehemu kubwa ya deni. Kilichobaki alilipa kidogo kidogo mpaka 2021. Dawa za tansio zilianza kuja tena kabla ya hapo.

Maswali mengine tumeni kwa odio kwenye namba ya redio, na mtaje jina la jimbo ndugu yenu aliko. Bila jina la jimbo siwezi kuwajibu.